Mwendo wa magari mtaani na kiwanja cha jirani: barua zenu na majibu yangu

Toleo lililopita niliandika kuhusu nyumba za makazi zinazogeuzwa kumbi na maghala. Barua zilizonijia baadaye nyingi ziliacha ghala zikaingia barabarani: magari yanakimbia mno mitaani, na wasomaji hawajui wagonge mlango gani. Niliitumikia halmashauri kama afisa mipango miji mpaka nilipostaafu, na baada ya kazi yote ile ninaamini kwamba mwendo wa magari mtaani huamuliwa mezani, siku kiwanja kinapopangiwa matumizi na barabara inapochorewa upana wake. Trafiki mwenye tochi huja baadaye sana. Nimechagua barua tano, nimezifupisha, na nimeondoa majina ya watu na ya mitaa.

Shikamoo Mama. Mtaa wetu ulikuwa na barabara ya vumbi yenye mashimo. Ilipowekwa lami tulishangilia, akina mama wakapiga vigelegele. Sasa tunaiogopa. Inapita karibu na shule na inaunganisha barabara kuu mbili, kwa hiyo jioni kukiwa na foleni kila mwenye haraka anakatisha kwetu. Bodaboda ndio usiseme. Mtoto wa jirani amegongwa akitoka dukani, amevunjika mguu. Tunataka kibao cha 30 na matuta. Mwenyekiti anasema tuandike halmashauri, diwani anasema TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na ofisi moja tuliyokwenda ikatuambia hilo ni la polisi. Twende wapi?
*Baba wa watoto watatu, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mfupa wa mtoto huunga, lakini mzazi haachi kushtuka kila asikiapo breki.

Tuanze na mwenye barabara. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani, ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa halmashauri, tangu Julai 2017 zinasimamiwa na TARURA. Diwani wako amesema kweli, ila hakumaliza. Halmashauri bado ni mamlaka ya upangaji: ndiyo inayosema kitu gani kijengwe kando ya barabara hiyo, na madiwani wana sauti juu ya barabara zipi zianze kushughulikiwa. Polisi nao wana sehemu yao, ambayo ni kumkamata anayevunja alama iliyokwisha kusimamishwa. Tuta hawajengi.

Andikeni barua moja kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa diwani na kwa mkuu wa polisi wa usalama barabarani wa wilaya. Nasisitiza barua moja yenye nakala. Mkiandika barua nne tofauti, kila ofisi itawajibu kwamba suala liko kwa mwenzake. Ikiwa moja, kila mmoja anaona ni nani mwingine ameisoma, na hapo kutupiana mpira kunakuwa kugumu.

Sasa hiyo 30. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa mtaa kama wenu hamsini ni nyingi. Gari la mwendo huo hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto, sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka na kuhamisha mguu. Breki nazo zinataka mita nyingine kama hizo, tena barabara ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima. Jumla ni mita 28 hivi. Akiwa kwenye 30, mita 13 zinatosha gari kusimama kabisa. Nendeni kwenye lile duka alikotoka mtoto, mpige hatua mita 13, kisha muendelee hadi 28. Mtaona wenyewe milango mingapi iko katikati. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 mahali ambapo watu na magari wanachanganyika, na Azimio la Stockholm la Februari 2020 likasema hivyo hivyo.

Lakini msiombe kibao peke yake. Kibao cha 30 kwenye barabara iliyonyooka, pana, isiyo na kitu pembeni, hakimzuii mtu aliyechelewa. Dereva huifuata barabara ilivyo. Ikiwa nyembamba kidogo, ikiwa na kona, ikiwa na kivuko kilichoinuliwa na miti karibu, mguu wake unapungua wenyewe kwenye mafuta bila kuambiwa. Ikiwa wazi mbele yake mita mia tatu, anakanyaga. Mtaa wenu ulikuwa na kitu kilichopunguza mwendo, nacho ni mashimo. Mkandarasi aliyaziba, akafanya vizuri, ila hakuna aliyeuliza ni nini kitafanya kazi ile badala yake.

Hili nimeliona sehemu nyingi na linaniuma. Dar es Salaam ilipata mradi mkubwa wa kuboresha mitaa, ule wa DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2015. Lami, mitaro na taa zikaingia sehemu ambazo gari la wagonjwa lilikuwa halifiki. Asiyemshukuru Mungu kwa hilo hajawahi kumbeba mama mwenye uchungu usiku kwenye matope. Hata hivyo, kila mradi wa namna hiyo ungepaswa kuja na njia ya miguu, matuta na vivuko ndani ya mchoro tangu mwanzo, maana kuvidai baada ya mkandarasi kukabidhi kazi ni kuanza upya kutafuta fedha. Kama unasoma hapa na mtaa wako bado unachimbwa, nenda leo kwa mhandisi aliye kwenye eneo la kazi, umwombe akuonyeshe kwenye mchoro matuta yako wapi.

Kwenu ambao kazi imekwisha, pelekeni ushahidi. Malalamiko ya "magari yanakimbia sana" yanafika ofisini kila siku na hayana uzito. Namba zina uzito. Chukueni kamba ya fundi, mpime mita 50 kando ya barabara, mweke alama ya chaki mwanzo na mwisho. Vijana wawili wakae, mmoja na saa ya simu, mwingine na daftari. Gari likikata hizo mita 50 kwa sekunde 6, lilikuwa kwenye 30. Likikata kwa sekunde 3.6, lilikuwa kwenye 50. Likikata kwa sekunde 3, lilikuwa kwenye 60, na hilo limevunja sheria iliyopo leo bila kusubiri kibao chochote kipya. Fanyeni saa moja asubuhi watoto wakienda shule na saa moja jioni. Andikeni aina ya chombo: bodaboda, bajaji, gari dogo, fuso. Msiandike namba za magari wala msimsimamishe mtu, hiyo si kazi yenu.

Daftari hilo lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, liingie kwenye muhtasari, muhtasari usainiwe, ugongwe muhuri, uambatane na mahudhurio. Bila muhtasari mwenyekiti wenu akifika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata atakuwa na maneno matupu. Na angalieni kalenda: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mapendekezo ya bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Mtaa unaopeleka ombi lake Juni umeshachelewa kwa mwaka mzima. Pelekeni mwishoni mwa mwaka, wakati mitaa inaulizwa fursa na vikwazo vyake.

Mmesema kuna shule karibu. Basi itangulizeni shule. Dar es Salaam ina mfano wake ambao dunia imeutambua: shirika la Amend lilikwenda shule kwa shule, likaangalia watoto wanagongwa wapi, likajenga vitu vidogo kama njia za miguu, matuta, vivuko, alama na vigingi vya kuzuia magari kupanda pembeni. Mahali pengine geti la shule lilihamishwa tu kutoka upande wa barabara yenye magari likapelekwa upande wenye utulivu. Kazi hiyo, inayojulikana kama SARSAI, ndiyo iliyoshinda tuzo ya kwanza ya Ross kwa miji, inayotolewa na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI), mwaka 2019. Ninapenda sana lile geti. Halihitaji lami wala saruji nyingi. Linahitaji mtu wa mipango, mwalimu mkuu na mhandisi wakae meza moja na kuuliza watoto wanatokea wapi.

Mama, jirani yetu alinunua nyumba mbili zilizopakana, akazibomoa, akajenga ghala la saruji. Malori yanaanza kuingia alfajiri, yanarudi nyuma barabarani kwa sababu ndani hayawezi kugeuka, na watoto wanapita katikati yake. Ukuta wangu umepata ufa. Kiwanja chake ninajua kilikuwa cha makazi kama changu. Yeye anasema ana vibali vyote. Je, mtu anaweza kubadilisha tu?
*Mjane, Mwanza*

Hapana, mdogo wangu, hawezi kubadilisha tu. Na mtu kusema ana vibali vyote hakutoshi, kwa sababu vibali ni vya aina nyingi na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Leseni ya biashara inamruhusu kuuza saruji. Haisemi auzie wapi. Kibali cha ujenzi kinaruhusu jengo lililochorwa. Matumizi ya ardhi ni jambo la tatu, na ndilo lako.

Nenda ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri ukaombe kuona vitu viwili. Cha kwanza ni mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, ule unaoonyesha kila kiwanja na matumizi yake. Cha pili ni kama kiwanja hicho kimewahi kuombewa kubadilishiwa matumizi, na kama ombi lilikubaliwa. Hati ya jirani yako pia ina masharti ya matumizi yaliyoandikwa ndani, kama yako ilivyo nayo. Itoe kabatini uisome, wengi hawajawahi kuisoma. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kuendeleza kiwanja kinyume na matumizi yaliyopangwa bila idhini ni kosa, na halmashauri ina mamlaka ya kutoa notisi na kusimamisha.

Ukikuta hakuna idhini, andika malalamiko kwa mkurugenzi, uambatanishe picha za malori na za ufa, zenye tarehe. Majirani wengine wasaini. Ukikuta idhini ipo, usikate tamaa, uliza ilitolewa kwa masharti gani. Hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Nilipokuwa kazini, ombi la kubadilisha matumizi lilikuwa linakuja na mchoro wa jengo, risiti, na barua ya mtaa. Karibu kila mara lilionyesha kuta, milango na vyoo. Magari hayakuonekana popote. Kwa hiyo nilikuwa namuuliza mwombaji maswali yangu kabla sijaandika chochote cha kupeleka kwenye kamati. Gari kubwa kuliko yote litakalokuja hapa ni lipi? Mangapi kwa siku? Linageukia ndani ya kiwanja au barabarani? Barabara hii ina upana gani kati ya mtaro na mtaro? Wateja wataegesha wapi? Wengine walikasirika, wakaniambia hiyo ni kazi ya wahandisi. Ni kazi ya mipango. Ghala likisharuhusiwa kwenye barabara ya mita 6, hakuna tuta litakalolifanya lori liwe dogo.

Nendeni Sinza mkaone mji unavyojibu. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja ni vidogo, na barabara za ndani zilichorewa nyumba za familia. Kadiri miaka ilivyokwenda, nyumba moja ikawa baa, ya pili duka la vipuri, ya tatu nyumba ya wageni, kila moja kwa ombi lake au bila ombi. Hakuna aliyekaa akajumlisha. Leo jioni magari yameegeshwa pande zote, watu wanatembea katikati ya barabara, na pikipiki zinapenya palipobaki. Kila badiliko likiangaliwa peke yake lilikuwa dogo. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya halmashauri inapokutana na kuletewa ombi la kiwanja kimoja, diwani anapaswa kuuliza: kwenye barabara hii tumeshabadilisha vingapi?

Sisemi biashara ifukuzwe mtaani. Mtaa usio na duka, genge la mboga wala fundi cherehani unawalazimisha watu kupanda chombo kwa kila kitu, na hapo magari yanaongezeka. Duka linalowafuata wanaotembea kwa miguu ni baraka. Ghala linalofuatwa na malori ya tani kumi ni jambo jingine, na kuyaweka yote kwenye fungu moja la "biashara" ndiko kunakotuponza.

Basi kama idhini ya ghala ipo, omba halmashauri iweke au isimamie masharti: saa za malori kuingia, kugeuza ndani ya kiwanja hata kama atalazimika kubomoa sehemu ya ghala, na kulipa uharibifu wa mtaro. Sambamba na hilo, mtaa uiombe TARURA isimamishe alama ya kuzuia magari yanayozidi uzito fulani, maana barabara ya mtaa haikujengwa kubeba mizigo hiyo. Kuhusu ufa wa ukuta wako, huo ni mgogoro kati yako na yeye; mtafute mhandisi akuandikie taarifa kwanza, kisha ndipo uende kwenye sheria.

Mama, tumechoka kusubiri. Vijana wamechanga fedha, Jumamosi tunamwaga tuta la zege wenyewe. Kuna ubaya?
*Katibu wa vijana, Morogoro*

Upo, mwanangu. Kujenga chochote juu ya barabara ya umma bila ruhusa ya mwenye barabara ni kosa, na mtu akianguka na pikipiki usiku kwenye tuta lenu lisilo na rangi wala alama, lawama itawaangukia ninyi. Tuta zuri lina vipimo: kimo kisichozidi sentimita 10, na upana wa zaidi ya mita 3 kufuata mwelekeo wa barabara, ili gari lipande na kushuka taratibu. Matuta ya mitaani yanayomwagwa kwa kifusi huwa mafupi na yenye ncha, yanamvunja mgongo mjamzito ndani ya bajaji, na yanaziba maji ya mvua, ambayo huishia kuingia nyumbani kwa mtu. Fedha mliyochanga msiirudishe. Andikeni TARURA kwamba mtaa unachangia, mkaombe mhandisi aje kupima na kusimamia. Ofisi yenye bajeti finyu hulipokea tofauti ombi lenye mchango mkononi.

Ninaishi Cardiff, nimejenga Kigamboni. Huku Wales karibu mitaa yote ya makazi sasa ni maili 20 kwa saa. Kelele zilikuwa nyingi, lakini watoto wangu wanaendesha baiskeli. Kwa nini halmashauri zetu zisifanye hivyo hivyo?
*Msomaji wa ughaibuni*

Asante kwa kutukumbuka. Wales ilianza Septemba 17, 2023, ikashusha ukomo wa kawaida kwenye barabara za makazi kutoka maili 30 hadi 20, ambayo ni kama kilomita 32. Kelele unazozitaja hazikuwa ndogo: ombi la kupinga lilikusanya saini zaidi ya laki nne, nyingi kuliko ombi lolote lililowahi kufika katika Bunge lao. Mwaka uliofuata serikali ikalegeza, ikazipa halmashauri nafasi ya kurudisha baadhi ya barabara kwenye maili 30 pale walipoona inafaa.

Ninachokitamani kutoka kwao ni mpangilio wenyewe. Kule sheria ya nchi inasema mtaa ni wa mwendo mdogo, na halmashauri inayotaka barabara fulani iende kasi ndiyo inayojieleza. Kwetu imekuwa kinyume. Kawaida ni kilomita 50, na mtaa unaotaka kilomita 30 ndio unaobeba daftari, muhtasari na mihuri ofisi kwa ofisi. Mzigo wa kujieleza umewekwa kwa mama wa mtoto. Ningependa siku sheria yetu itakapofumuliwa, 30 iwe ndiyo kawaida ya barabara za ndani ya makazi, na 50 ibaki kwa barabara zinazokusanya magari ya mitaa kadhaa. Halmashauri haiwezi kuandika upya sheria ya Bunge, lakini inaweza kuanza na michoro. Mchoro mpya wa viwanja unapoletwa kupitishwa, barabara za ndani zisinyooke kutoka barabara kuu moja hadi nyingine. Zikiwa na kona na mwisho, hakuna wa kukatishia kwenu kukwepa foleni, na hamtahitaji tuta hata moja.

Na wewe mwenye nyumba Kigamboni, ukija likizo hudhuria mkutano wa mtaa. Wenye nyumba wasiokuwepo ndio hukosa kusikia kiwanja cha pili kinaombewa nini.

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Tuna kiwanja cha wazi kilichobaki tangu eneo lipimwe. Mfanyabiashara anataka kujenga fremu na maegesho, ameahidi kuuwekea mtaa lami mita 200. Wakazi wamegawanyika. Vijana wanacheza mpira pale. Nishauri.
*Mwenyekiti, Tanga*

Shikamoo Mwenyekiti, maana cheo chako ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kiwanja hicho si cha mtaa kukitoa, na si cha kamati yako kukiuza. Kama kwenye mchoro kimeandikwa eneo la wazi, ni mali ya umma, na kukibadilisha kunapita halmashauri na wizara yenye dhamana ya ardhi. Usisaini barua yoyote ya "kutokuwa na pingamizi" kabla ya mkutano mkuu wa wakazi. Nimeona wenyeviti wakisaini karatasi hiyo kwa nia njema kabisa, halafu ikawa ndiyo nguzo ya kila kibali kilichofuata.

Miaka ya 2000 mwanzoni, serikali ilipopima viwanja 20,000 Dar es Salaam, kule Kibada, Tuangoma, Mbweni na kwingine, maeneo ya wazi yalichorwa makusudi ndani ya kila kitongoji. Sababu ilikuwa watoto. Mtoto atacheza, upende usipende. Swali ni atachezea wapi. Ukijenga fremu kwenye uwanja wa mpira, mpira utahamia barabarani, na barabara hiyo utakuwa umeiwekea lami mita 200 na wateja wa fremu wanaotafuta pa kuegesha. Umeona vitu viwili vinavyokutana hapo. Ukiniuliza mimi, nitapinga waziwazi, hata kama lami ile inahitajika. Lami inaweza kuombwa tena mwakani. Uwanja ukishajengwa haurudi.

Lakini uwanja ulio mtupu hulindwa kwa shida, kwa sababu kila apitaye anaona pameachwa. Panda miti pembeni, weka magoli ya bomba, weka mabenchi mawili ya zege na kibao kinachosema ni eneo la wazi la mtaa, chenye namba ya kiwanja kama ilivyo kwenye mchoro. Mwombe mfanyabiashara huyo achangie magoli. Kama nia yake ni mtaa, atakubali. Mtafutie pia nafasi ya fremu zake kwenye barabara ya pembeni iliyopangiwa biashara, maana anachotaka si kibaya, ni mahali tu.

Kabla ya mkutano, kachukue nakala ya mchoro wa mipango miji kutoka halmashauri, uipanue mpaka iwe karatasi kubwa, uibandike ukutani ofisini kwako wiki nzima. Watu waje watafute nyumba zao, waone uwanja uko wapi na shule iko wapi. Mwalike afisa mipango miji na mtu wa TARURA wakae mbele, wajibu maswali. Ajenda hii iweke ya kwanza, kabla ya taka na ulinzi shirikishi, wakati akina mama bado wapo na hawajaanza kuondoka kwenda kupika.